Mwaka huu nimejifunza kuogelea

(Haya ndo maneno niliyosema kwenye kikao cha kufunga mwaka cha kikundi chetu cha wanawake wakulima wa mwani hapa Jambiani, Zanzibar, nimeyaandika kwa ajili ya wenzetu ambao hawakuwepo na wameniomba.)

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Bibi zangu, mama zangu, dada zangu wa kikundi, sheha wetu, na baba zetu mliokubali kuja kukaa na sisi leo, ahsanteni sana. Katibu kaniomba niseme machache kuhusu mwaka huu umekwendaje kwangu na nimekua wapi. Nikamwambia mie si msemaji, akasema ndo maana nakuomba wewe. Basi nisikilizeni kwa uvumilivu.

Kila mwaka tukikaa hapa tunasomewa kilo za mwani. Fulani kauza kilo kadhaa, fulani kadhaa, akiba ya kikundi imefika hapa, mkopo umebaki huu. Hayo mtunza hazina kashayasoma na yako kwenye daftari, sina la kuongeza. Mie nataka kusema yale yasiyoingia kwenye daftari, yaani mwezi wa kwanza nilikuwa siwezi nini na leo naweza nini.

Nina miaka 47. Mtoto wa pwani, baba yangu mvuvi, mama yangu mkulima wa mwani, nimezaliwa nasikia bahari na kila asubuhi nikifungua mlango naiona. Na mpaka Ramadhani ya mwaka huu inakwisha nilikuwa sijui kuogelea.

Mgeni akisikia hivo anashangaa, lakini nyie mlokaa hapa hamshangai kwa sababu wengi wenu ni hivohivo. Watoto wetu wa kiume wanaogelea hata madrasa hawajaanza, hakuna anayewafundisha, wanatupana tu majini huko. Sisi wa kike bahari yetu ilikuwa ya magotini. Kuchokoa pweza, kutanda dagaa, kuokota chaza, kufukia makumbi kule kwenye tope na kwenda kuyafukua yakishaoza tukayapiga tukasokota kamba. Kazi zote hizo maji yakikupita kiuno unarudi. Hakuna aliyetukataza kwa maneno, ilikuwa tu hakuna mtoto wa kike aliyeonekana kule mbele, na kitu ambacho hujawahi kumuona mwenzio anakifanya hata wazo lake halikujii.

Halafu ukaja mwani. Wakubwa mnakumbuka, ilikuwa 1989, mbegu zimetoka Ufilipino, zikaanza kulimwa hapa kwetu na kwa jirani zetu wa Paje. Mama yangu alikuwa kwenye wale wa mwanzo mwanzo. Na mie leo nataka niseme wazi mbele ya baba zetu, hela ya mwani ndo hela ya kwanza ambayo mama yangu aliishika mkononi bila kumuomba mtu. Sare zetu za skuli, mabati ya nyumba, kitanda cha kwanza cha mbao tulicholalia, vyote vimetoka kwenye zile kamba na vigingi tunavyofungia mwani. Nikisikia mtu anasema mwani ni kazi ya kupotezea muda ya wanawake naumia sana, maana huyo anayesema pengine kasomeshwa kwa mwani huohuo.

Lakini angalieni hili. Mama zetu wameingia baharini miaka thelathini na kitu, wameamka na bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mchanga na mwezi mpevu, yakitoka wanayafuata, yakirudi wanakimbizana nayo na polo la mwani kichwani, wengine yamewakuta mpaka kifuani wameshikana mikono wanatoka huku wanasoma dua. Miaka yote hiyo kila aliyekuja kutufundisha alitufundisha kufunga mbegu, kukausha, kutofautisha mwani msafi na mwani wenye mchanga. Kuogelea hakuna aliyetufundisha. Mtu anafanya kazi baharini umri mzima na hajui maji yakimzidi afanye nini!

Sasa niingie kwenye mwaka wenyewe.

Mwezi wa kwanza kaskazi ilikuwa kali, mnakumbuka. Kwenye kina kifupi pale maji mafupi mchana jua limesimama, ukiingiza mguu unahisi maji ya kuoga, yanapita nyuzi 30. Kotonii, ile aina ya mwani yenye bei, haiyawezi maji hayo. Inaanza kupauka kwenye ncha, inakuwa nyeupe, inalegea halafu inakatika, ukija bamvua linalofuata kamba iko tupu na ulichofunga kimekwenda na mkondo. Spinosamu, ile aina nyengine, angalau inavumilia, ila spinosamu bei yake tunaijua. Kotonii inatoa ute unaoganda vizuri zaidi, ule wanaotia kwenye dawa za meno na aiskrimu na vyakula vya kopo, kwa hivo wanunuzi wanailipia zaidi ya mara mbili. Yaani ule mwani wenye hela ndo bahari yetu ya karibu imeukataa. Mie nimelia kwa ajili ya kotonii, sisemi uongo.

Na dawa yake ilikuwa inajulikana. Wataalamu wa Taasisi ya Sayansi za Bahari wameeleza miaka mingi, Dkt. Flower Msuya ambaye wakulima wote wa mwani Zanzibar tunamjua kaeleza mpaka basi, kwamba tuutoe mwani kwenye kina kifupi tuupeleke kwenye maji ya kina ambako kuna ubaridi, tutumie kamba zinazoelea kwa maboya na nanga, au zile neti ndefu za bomba ambazo mbegu unaisokomeza ndani kwa paipu badala ya kuifunga kwa tai-tai, zile kamba nyembamba, ili hata ikikatika isichukuliwe na maji. Sisi kila tukiambiwa tuna majibu tayari. Hatuna ngalawa. Hatuna kamba za kutosha. Nani atalinda. Na yote hayo ni kweli, sisemi tulikuwa tunadanganya. Ila lilikuwepo jingine chini yake ambalo hakuna aliyelitoa mdomoni.

Alilitoa mdogo wetu mmoja, yeye ndo mdogo kuliko wote kwenye kikundi, simtaji maana hapendi. Kwenye kikao cha mwezi huohuo wa kwanza, tumeshazunguka weee kwenye habari za ngalawa, akanyanyua mkono akasema: mie hata mkinipa ngalawa bure siendi, naogopa maji. Basi. Pakawa kimya. Halafu mwenyekiti akasema na mie. Halafu mwengine, na mwengine, mpaka tukajikuta chumba kizima cha wanawake wa baharini tunaogopa bahari na kila mmoja alikuwa anadhani ni yeye peke yake.

Ndugu zangu, mie ule mchana ndo nauhesabu kuwa mwanzo wa mwaka wangu. Mambo yote mengine yaliyonitokea yametoka pale.

Tulipata mwalimu, binti wa hapahapa kijijini, yeye alishafundishwa kuogelea na kufundisha wengine, akasema atatufundisha baada ya Idi. Yalikuwepo masuali, ndiyo. Tulimuuliza ustadhi, akatuambia hakuna ubaya wowote maadamu tuko kwenye sitara na wanaume hawapo, tukachagua ile sehemu ya mbele kule isiyo na njia ya watu, jioni, maji yakiwa yamejaa na yametulia ndani ya mwamba. Tukavaa suruali, gauni refu lisilopwaya sana, mtandio tumeufunga nyuma usije ukatuziba uso. Mume wangu aliniuliza suali moja tu, nani atakuwepo? Nikamwambia. Akasema sawa, ila mwambieni mwalimu asiwapeleke mkondoni mpaka mjue kuelea. Nasema hili kwa sababu wengine mlidhani majumbani kutakuwa na vita, na wengi wetu hapakuwa na vita, palikuwa na mume anayeogopa kama tunavyoogopa sisi, baba zetu hawa nao wamepoteza ndugu baharini.

Kuogelea kunaanza na kulala. Hili sikulijua. Mie nilidhani nitaanza na kupiga mikono, kumbe kitu cha kwanza unaambiwa lala chali juu ya maji, legeza shingo, masikio yaingie ndani, tazama mbingu, pumua. Basi! Na hicho ndo kilikuwa kigumu kuliko vyote. Kichwa kinasikia maneno ya mwalimu lakini mwili hauamini, shingo inakaza, kiuno kinazama, miguu inatafuta mchanga. Mtoto mdogo anaelea kwa dakika kwa sababu hana la kukumbuka. Mtu mzima analala juu ya maji na miaka yake yote, na khabari zote za waliozama, na mama aliyekuwa anamvuta mkono arudi nyuma.

Tukawa tunakumbatia madumu matupu. Siku nyingi sana ni dumu kifuani na kupiga miguu, na kutumbukiza uso na kutoa pumzi majini mpaka tukaacha kupaliwa. Nilikuwa naona aibu, tena aibu kubwa. Mie nina wajukuu, natikiswa majini kama mtoto anayeogeshwa. Wengine walikuwa wanapita mbali wanacheka, tulikuwa tunawasikia. Na kilichonifanya nirudi kila jioni si ujasiri, nilikuwa nautafuta mkono wa mwalimu. Anauweka chini ya mgongo wako, kiganja kimoja tu, hakubebi, unausikia tu upo. Na kwa sababu upo, shingo inalegea. Na jioni moja niko chali nimetulia naangalia mawingu nikamuuliza, mbona leo hunishiki? Akasema nshatoa mkono zamani.

Sijapata kusikia maneno mazuri kama hayo tangu nizaliwe.

Mama yangu alikuja kutuangalia. Ni mtu mzima sana sasa, macho hayaoni vizuri na magoti yamekwisha, hiyo ndo pensheni ya mkulima wa mwani. Akaletewa kiti akakaa juu ya mchanga. Nilipotoka akanishika mkono uliorowa akaniambia, "Mie miaka yote ile nilikuwa naogopa. Kila bamvua. Nilikuwa naamka naogopa nakwenda vivohivo." Nikamuuliza mama mbona hukusema? Akasema, "Ningemwambia nani?"

Nimekaa na suali hilo mpaka leo. Kwa sababu kweli, angemwambia nani? Wenzake nao walikuwa wanaogopa na wamenyamaza, na watoto wanataka sare. Mama yangu alikuwa shujaa, na ilikuwa anastahili asiwe shujaa kila bamvua, ilikuwa anastahili kufundishwa. Hapo ndo nilipoacha kuwasifu mama zetu kwa uvumilivu wao. Nawapenda na nawaheshimu lakini uvumilivu ule tusiwarithishe watoto wetu wa kike.

Kusi ilipoanza kupungua nguvu tukatoka na ngalawa kwenda kwenye maji ya pima mbili, tatu. Tumekodi, bado hatuna yetu. Maboya tayari, nanga ni magunia ya mchanga na mawe, kamba tumezifunga. Nikakaa ubavuni nikaangalia chini, sioni mwisho vizuri, moyo unanipiga, nikajitia majini. Kitu ambacho nilikuwa sijawahi kukiona katika umri wangu wote wa kulima mwani ni mwani ukiwa unaishi. Nilikuwa nauona ukiwa umelala, maji yametoka, umenywea. Kule umesimama kila upande, unapepea, una rangi, samaki wadogo wanapita katikati yake. Nikafikiri mama yangu kafunga mbegu ngapi huyu na hajawahi kuona kitu hiki.

Tulifunga, tukasubiri wiki sita, tukavuna kotonii. Kotonii! Kidogo, kwa sababu tulianza kwa kujaribu, na mnajua mwani mbichi ukishakauka kilo saba mpaka kumi zinakurudia kilo moja. Lakini ulikuwa mzito, safi, hauna mchanga maana haukugusa mchanga, na tukauza kwa bei ya kotonii. Sasa hivi kaskazi ishaanza tena, na kamba za upande wa juu zishaanza kupauka kwenye ncha, nasema ukweli ili mtu asidhani tumeshamaliza tabu. Tunazishusha chini zaidi, tutaona.

Kuna jambo jengine, nalo sitolirefusha. Mnakumbuka kipindi kile mnunuzi mmoja alipokuja na mizani yake na polo zetu zikawa nyepesi kuliko tulivyozijua mikononi. Zamani nyumbani tungelalamika sana, pale mbele yake tungenyamaza. Safari hii nikajikuta nshasema: pima tena, na upime kwa mizani yetu. Sauti yangu mwenyewe nikaisikia kama ya mtu mwengine. Akapima. Tofauti ikaonekana, akalipa sawasawa, tukaagana vizuri bila ugomvi. Wengine mmenisifu kwamba nimekuwa mkali. Sijawa mkali. Nnachokiamini ni kwamba mtu akizoea kunyamazia khofu moja ananyamazia nyingi, na ile moja ikitoka nyengine zinaifuata. Sikujifunza kusema pale kwenye mizani, nilijifunza kule majini na mkono wa mtu mgongoni.

Sabuni yetu ya mwani na mafuta ya nazi inaendelea vizuri, mwenyekiti ataieleza. Nimefungua akaunti benki kwa jina langu, alhamdulillah. Mgongo bado unauma. Bei ya spinosamu bado haitoshi na sheha naomba hili ulifikishe, kila siku tunaambiwa uchumi wa bahari, uchumi wa buluu, sisi ndo tumo ndani ya huo ubuluu mpaka shingoni, basi na bei ituone.

Na nataka nimtaje, bila jina, bibi yetu mmoja ambaye alijaribu kuogelea siku za mwanzo kisha akasema mie imetosha. Nimesikia watu wanasema kashindwa. Hakushindwa. Yule bibi ndo anayesokomeza mbegu kwenye neti kivulini akiwa kakaa juu ya mkeka, hakuna mwenye mkono mwepesi kama wake, na sisi tunaokwenda kinani tunachukua neti zilizokwishajazwa na yeye. Kabla ya mwaka huu alikuwa keshaacha mwani kwa sababu ya miguu, akikaa ndani tu anasubiri kuletewa. Leo ana fungu lake kwenye mgao kama mimi. Alisema ukweli wake mbele za watu na tukamtafutia kazi inayomfaa, kwangu mie hiyo ni hatua kubwa sawa na ya kuogelea. Kwa hivo mtu asikae hapa akajipima na mie. Jipime na wewe wa mwezi wa kwanza. Kama ulikuwa huwezi kusema jambo na leo umelisema, mwaka wako umekwenda mbele, hata kilo zako zikiwa zilezile.

Namshukuru mwalimu wetu. Namshukuru yule mdogo wetu aliyenyanyua mkono, wewe mwanangu hujui ulichotufanyia. Nakushukuru mama yangu uliyekaa pale mbele, maradhi yote hayo na umekuja.

Sasa tangazo, nalo ndo lililonileta hasa. Mafunzo yanarudi baada ya sikukuu ya Mapinduzi, tarehe 12 Januari ikishapita, ili tupate wiki kadhaa kabla ya Ramadhani. Safari hii tunachukua na watoto wa kike wa skuli kuanzia darasa la tano, mzazi mmoja wa kike aje nao. Wale tulioelea mwaka huu ndo tutakaoweka mikono chini ya migongo, mwalimu atatusimamia. Baba zetu wenye ngalawa ambazo hazitoki siku za maji mafu, yale yasiyojaa wala kutoka sana, tunaomba mtukodishe kwa bei ya ujirani. Kila mtu aje na dumu lake lenye kifuniko kinachobana, yale ya mafuta ya kupikia yaoshwe kwanza na sabuni maana yanateleza. Majina anaandika katibu, pale mlangoni, kabla hatujaondoka leo.